Mradi wa Uchafu: siku 42 za beseni, mchele na mtoto mmoja

Siku ya 0

Nimenunua daftari, kwenye jalada nimeandika Mradi wa Uchafu. Mpango wenyewe mfupi, kwa wiki sita kila siku mtoto anapata mchezo mmoja wa kuchafuka, wa kushika, kumwaga, kubinya, kunusa, na mi napima vitu viwili tu kwa simu: dakika alizocheza na dakika nilizotumia kusafisha. Basi. Nimechoka na zile video ambazo mtoto kakaa katulia mbele ya trei kama karani, mama pembeni anatabasamu, halafu hakuna hata moja inayoonesha sakafu ilikuaje baada ya kamera kuzimwa. Nataka hesabu.

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane. Humu ntamwita Bosi maana ndo cheo chake. Bado kila kitu kinapitia mdomoni kwanza, kwa hiyo nimejiwekea sheria kabla sijaanza: kitu kigumu kinachopita ndani ya lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, hakiingii kwenye mchezo. Maharage kavu nimeyatoa kabisa, yanaingia puani kirahisi na yakikuta unyevu yanavimba humohumo, na yale mekundu yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha hata mtu mzima. Mchele nimeuruhusu kwa sharti kwamba nakaa chini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu kifudifudi.

Siku ya 1

Mchele mkavu, kilo mbili, beseni kubwa, vikombe, kijiko cha mbao. Nilitandika shuka chini nikajiona mjanja.

Dakika tatu za kwanza zilikua nzuri kweli, anachota, anamwaga, anasikiliza ule mlio wa mchele kwenye plastiki. Ya nne akagundua kwamba ukichota kwa viganja viwili ukarusha juu unarudi kama mvua. Ya tano akaingia ndani ya beseni. Nguo na yote.

Mchezo dakika 11. Usafi dakika 34. Mchele nimeukuta nyuma ya jokofu, ndani ya kiatu cha baba yake, na punje moja, sielewi kwa njia gani, kwenye mswaki wangu.

Bibi yake alikuepo. Hakusema kitu mpaka nimemaliza kufagia, ndo akasema kwa upole, "Mwanangu, chakula hakichezewi." Nikajibu sawa mama. Na ana hoja, sitajifanya hana. Nimeamua mchele huu ni huuhuu mpaka mwisho wa mradi, ukimwagika unapepetwa unarudi kwenye ndoo yenye mfuniko. Unga ntatumia uliopitwa na tarehe kidogo, na ule usiwe na wadudu wala ukungu. Zaidi ya hapo sinunui chakula kwa ajili ya kumwaga.

Siku ya 3

Jana tuliruka. Leo mchele tena ila vikombe viwili tu, kwenye trei yenye kingo badala ya beseni.

Hii ya trei nimeiiba kwa Maria Montessori, yule daktari Mtaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907. Kwake kila kazi inakaa kwenye trei yake, mtoto anaona mwisho wa kazi yake uko wapi, na kumimina kunaanzia na nafaka kavu kabla ya maji. Nilidhani Bosi atalalamika mchele umepungua. Hata hakuona. Kachota kile kidogo mara mia, cha huku kapeleka kule cha kule karudisha huku.

Mchezo 14, usafi 9. Kilo mbili zilikua ni kwa ajili ya macho yangu mimi, mtoto alihitaji vikombe viwili.

Na shuka usilikunje kama unakunja nguo, shika pembe nne kwa pamoja, nyanyua, acha mchele uteleze katikati, mimina kwenye ndoo. Hili lilinichukua siku mbili kuligundua na sioni aibu.

Siku ya 5

Rojorojo. Ule mchanganyiko ambao ukiugonga ni mgumu ukiuacha unatiririka.

Jaribio la kwanza lilifeli vibaya. Wanaandika "unga wa mahindi na maji", nikachukua unga wa mahindi wa kawaida, nikapata tope. Tope tu, halina maajabu yoyote. Kinachotakiwa ni wanga wa mahindi, ule mweupe laini unaokwaruza kama theluji ukiubinya kwenye pakiti, wa kukazia mchuzi. Unga wa kawaida una mambo mengi ndani, wanga ni chembe za wanga peke yake na ndo zenye huo mchezo: ukizishtua zinasukumana na kubanana, ukizipa muda maji yanapita katikati zinateleza. Karibu vikombe viwili vya wanga kwa kimoja cha maji, na maji yamiminwe kidogokidogo, maana tofauti ya kijiko kimoja inaharibu.

Bosi alipiga kofi juu yake. Mkono ukagota. Akaniangalia mimi, akaangalia mkono, akapiga tena. Alafu akauacha pale mkono, na polepole vidole vikaanza kuzama, nikaona uso unabadilika, jicho limetoka, akavuta mkono haraka na rojo likamng'ang'ania. Alivyolegeza likamwachia. Hapo alicheka kile kicheko cha tumboni ambacho huwezi kumchekesha mtoto makusudi ukakipata.

Mchezo 19. Usafi nilitaka kuanza palepale na kitambaa kibichi, nikawa natapanya tu. Nikakata tamaa nikaacha. Jioni limekauka lote limekua unga, nimefagia dakika 6 limetoka kama halikuwepo. Kitu kimoja tu, msimwage kwenye sinki. Wanga unatulia chini ya bomba unaziba. Uache ukauke, utupe jaani.

Siku ya 8

Povu. Vijiko viwili vikubwa vya shampuu ya watoto isiyochoma macho, robo kikombe cha maji, unapiga kwa mashine ya kupigia mayai mpaka lisimame. Povu la kunyolea sikulitaka, lina kemikali na huyu bado analamba.

Lilisimama vizuri, jeupe, zuri. Bosi kaweka kidole, povu likabaki kwenye kidole, akaanza kukunguta mkono kama kaungua, "toa! toa! toa!", machozi, kanipandia mgongoni. Mchezo sekunde 40. Usafi dakika 5 na kumbembeleza dakika 20 ambazo sikua na safu yake kwenye daftari.

Kosa ambalo ndo nataka kulikiri hapa: nilimshika mkono nikaurudisha kwenye povu. "Ona, laini, ona." Kwa nia njema kabisa. Na ndo akalia zaidi.

Siku ya 9 mpaka 18, kwa pamoja maana ni habari moja

Tangu povu hataki kitu chochote kibichi. Hata uji ukimgusa shavu anaonesha nimfute. Kuna watoto wako hivo, ngozi yao inapokea kitu cha mnato kama kelele, na umri huu ndo wanaanza kuchagua. Mtoto akikataa karibu kila kitu, nguo, kuoshwa nywele, chakula chenye ulaini fulani, kiasi kwamba siku haiendi, hapo ni swali la kumpelekea mtaalamu wa watoto. Huyu wangu alikua kakasirishwa na povu tu, na mimi.

Nilichofanya. Rangi kidogo ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, hewa nimeitoa, zipu nimeifunga na utepe wa gundi juu yake, nimeubandika kwenye kioo cha mlango usawa wa kifua chake. Anabonyeza, rangi inakimbia, mkono mkavu. Siku tatu alikua anaupita akiubonyeza mara moja kama anabonyeza kengele. Alafu nikarudisha povu, kidogo mno, ndani ya bakuli, pamoja na brashi ya kupakia mafuta na kijiko kirefu. Kifaa kinamweka mbali na kitu, anaongoza yeye. Na kitambaa kibichi pembeni yake, chake mwenyewe, anajifuta akitaka. Hicho kitambaa naona ndo kilifanya kazi kuliko vyote, alikijua kipo.

Siku ya 17 alikua anakoroga na kijiko. Kijiko kikazama. Akakifuata na vidole viwili, akakitoa, akaangalia vidole, mi nimebana pumzi sijasema neno. Akavifuta. Akakizamisha kijiko tena, makusudi, akakifuata tena.

Katikati humo, siku ya 13, nilipika donge la kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja chumvi, viwili maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, viwili vya maji ya limao, moto mdogo unakoroga mpaka liache sufuria lenyewe. Nalipika kwa sababu unga mbichi unaweza kua na vijidudu, watu wengi wanadhani mayai tu ndo yana shida. Chumvi inalifanya lisiharibike ila pia ndo hatari yake, mtoto akitia kipande mdomoni akakitema sawa, akila donge zima hiyo chumvi ni nyingi mno kwake. Ukiwa na mbwa weka juu kabisa, wao wanalila lote na linawadhuru vibaya. Mchezo 22, usafi 3. Hadi hapo ndo bingwa wa daftari.

Siku ya 16

Mgeni kaleta zawadi ya vile vishanga vya maji, vidogo kama punje za mtama, ukiviloweka vinakua mviringo unaong'aa. Vizuri kutazama, nakubali. Nilishukuru, alivyoondoka nikavitupa. Kinachovimba kwenye bakuli kinavimba na kwenye utumbo, kinaziba, na kwenye picha ya eksirei mara nyingi hakionekani kwa sababu karibu chote ni maji. Kimoja tu kikidondoka chini ya kochi utakijuaje?

Siku ya 20

Hamna. Mafua, yeye na mimi.

Siku ya 22

Rangi ya kulambika, wanga umepikwa na maji mpaka umekua mzito, umegawanywa, kimoja nimetia manjano ya jikoni. Nani alinituma manjano. Fulana nyeupe, ukuta, kisigino. Sabuni iliibadilisha ikawa nyekundunyekundu nikadhani nimeiua kabisa (manjano yakikutana na kitu chenye ualkali yanageuka hivo). Nikaianika fulana juani bado mbichi, kesho yake doa limefifia, keshokutwa halipo. Jua linaivunja hiyo rangi. Ukuta bado unalo, ukuta hauanikwi.

Mchezo 16, usafi 28.

Siku ya 25

Barafu, wanyama wa plastiki wakubwa wamegandishwa ndani ya bakuli. Wanashauri umpe mtoto chumvi anyunyizie iyeyuke. Usimpe, chumvi na barafu pamoja vinashuka baridi chini ya sifuri na vinaunguza ngozi. Maji ya vuguvugu na sponji vinatosha. Alikamua sponji juu ya kiboko dakika 31 mpaka kiboko akatoka sikio. Akishatoka hakumtaka tena, akadai arudishwe ndani. Mnarudishaje kiboko kwenye barafu.

Siku ya 27

Kabichi la zambarau, limechemshwa, yale maji ukitia limao yanakua ya pinki ukitia bekingi soda yanakua ya bluu kuelekea kijani. Bosi dakika 2. Mimi, nikijumlisha na kujaribu siki, sabuni ya mche na maji ya bomba baada ya yeye kulala, dakika 40. Siandiki kwenye safu yake.

Siku ya 29

Maji. Maji matupu, kwenye beseni, bakuli, chujio, faneli, kikombe chenye tundu chini. Nilikua nimechoka sina akili ya kubuni kitu, ndo sababu.

Dakika 47.

Sijawahi kumuona akifanya kitu kimoja dakika 47, hata kulala mchana anajivuta. Alikua na kopo refu jembamba na bakuli pana. Anajaza kopo, anamimina kwenye bakuli, anachungulia bakuli, anachungulia kopo. Anarudia. Piaget, yule Mswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, ndo alionesha kwamba watoto mpaka karibu miaka saba wakiona maji yaleyale yamehamia kwenye glasi ndefu wanasema yameongezeka. Kwa hiyo huyu ana miaka mingine mitano ya kudanganywa na kopo, na alivyokua analichungulia utadhani analishuku tayari.

Usafi dakika 4. Taulo moja kuukuu, na sakafu nimeipiga deki bila kupanga. Montessori anaanza na kavu, na kwa kufundisha mkono namwelewa, punje hazikimbii kama maji. Ila kwa anayefagia ni kinyume, maji yanakauka na mchele haukauki.

Naandika na hili kwa kalamu nyekundu: simu haikupokelewa, mlango haukufunguliwa, na beseni lilimwagwa sekunde aliyotoka. Sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha mtoto wa umri huu, na anazama kimya, hapigi kelele.

Siku ya 33

Baba yake kakaa na daftari jioni akapiga hesabu, kagawanya mchezo kwa usafi. Mchele wa siku ya 1 umetoka sifuri nukta tatu na ushee. Manjano sifuri nukta tano saba. Rojo tatu na kidogo. Donge saba. Maji karibu kumi na mbili. Akaniuliza sasa si ufanye maji tu kila siku. Nikamwambia hesabu yako iko sawa ila kicheko cha rojo hakipo humo ndani. Akasema ongeza safu. Sikuongeza.

Halafu nimegundua kitu nikisoma nyuma. Ukiondoa siku ya rojo, kila mchezo uliofanya vizuri Bosi alikua anafanya jambo lilelile: kutoa kitu hapa kukipeleka pale. Mchele, maji, sponji. Hata donge alilikata vipande akavihamishia kwenye gari lake. Mi nilikua nabadilisha vitu kila siku nikidhani anataka kipya, yeye alikua na kazi yake moja anaiendeleza, mi namletea malighafi.

Siku ya 36

Kuhusu kujifunza sasa, maana kwenye jalada niliandika na "elimu" kwa herufi kubwa. Wiki nne za kwanza nilikua mwalimu mbaya. "Hii rangi gani? Iko wapi nyekundu? Vikombe vingapi?" Nimesikiliza video niliyojirekodi, kila nikiuliza mkono wake unasimama. Kila nikiuliza! Maswali yangu ndo yalikua yanamkatisha.

Wiki hii nimeacha. Nasema tu anachofanya, kwa ufupi. Umemwaga. Kimejaa. Kimeisha. Kimezama.

Jana kajaza kikombe mpaka kinafurika akasema "jaa!". Bakuli, "jaa!". Beseni, "jaa!". Kimejaa, limejaa, imejaa, ngeli zote kazimaliza kwa neno moja. Na leo mezani kashika tumbo akasukuma sahani: "jaa."

Siku ya 39

Mchele tena, uleule wa siku ya 1, umepungua kidogo tu. Bibi yake alikuepo. Alikaa chini naye, akamfundisha kupepeta kwa sahani, unarusha kidogo unapokea, taratibu, mkono haukimbii. Nilimtazama mama nikakumbuka "chakula hakichezewi" nikanyamaza. Mchezo 38, wa wawili. Usafi hawakuniachia.

Siku ya 42

Ya mwisho. Maji. Nilikua nimeshajua ntaandika nini, nimechora hadi mistari.

Dakika ya 26 akamwaga kopo zima pembeni, nje ya taulo. Nikanyanyuka na kitambaa. Akanifuata, akakichukua mkononi mwangu, akachuchumaa akaanza kufuta, kwa nguvu zote, makalio juu, anapeleka mbele anavuta nyuma. Akafuta mpaka pakawa pakavu. Akaangalia pale pakavu. Akaenda kuchota maji kidogo kwenye kopo, akamwaga palepale, akachukua kitambaa.

Alifanya hivo mara sijui ngapi. Nilikua nimeshika simu na vile vitufe viwili, cha mchezo na cha usafi, kidole kiko hewani. Safu zote mbili za leo bado ziko wazi.